Mkereza na Masikio ya Mumewe

Kama una vidole kumi na vyote vinakutii, huna haja ya kumjua mwanamke huyu. Wateja wake ni watu wa vidole tisa, wa vidole saba, wa vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi na vidole vilivyovimba kwa kubeba mizigo. Wanamwita Mkereza kwa sababu kazi yake ni kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina mashine ya kukerezea iliyofungwa kwa bolti kwenye meza nzito, na kwa mashine hiyo anachonga virungu. Si virungu vya kupigania. Ni vile vidude vya mviringo unavyovishika kwa vidole na kuvizungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Vyake yeye vinakwenda kwenye mashine za kutafutia chuma ardhini.

Mashine hizo ni nyingi kuliko unavyodhani. Mafundi bomba wanatafutia koki zilizofukiwa na barabara mpya, wauza vyuma chakavu wanatafutia riziki yao, na wako wanaotafuta pete za ndoa walizozitupa wenyewe kwa hasira wiki iliyopita. Kiwandani zinatoka na virungu vyembamba vya plastiki, vilivyopimwa kwa vidole vya karani. Mwaka haupiti vimepasuka, au vinateleza mtu akitoka jasho. Hapo ndipo anapomwendea Mkereza, akidhani anakwenda kununua kitu kilicho tayari rafuni.

Rafuni hakuna kitu. Mteja anakalishwa kwenye kigoda, anapewa donge la nta iliyopashwa moto, anaambiwa afumbe macho na alizungushe kama yuko kazini.

"Usiibane kana kwamba unakamua chungwa," Mkereza humwambia. "Ishike kama unavyoshika ukiwa huna habari."

Kutokana na mabonde ya nta ile anajua kidole kipi kinafanya kazi na kipi kinasindikiza tu. Kisha anakereza kirungu cha mbao ngumu au cha pembe ya ng'ombe, anatia bomba dogo la shaba katikati ili kikae sawasawa kwenye kijiti cha mashine, anakikaza kwa skrubu ndogo ubavuni. Aliwahi kumwambia dereva mmoja wa lori kwamba kidole gumba chake kilishawahi kuvunjika, na yule bwana akatangaza mtaa mzima kwamba mwanamke huyu ni mganga. Wateja wakaongezeka, ila nusu yao walikuja kuuliza habari za wachumba.

Mumewe anaitwa Sikio. Jina alilopewa na mama yake liko kwenye vyeti, na huko ndiko linakoishia. Kazi yake ni kutafuta vyuma vya mipaka. Mtu akitaka kuuza kiwanja, au ndugu wakigombea urithi, kile chuma alichokipigilia mpima ardhi miaka arobaini iliyopita huwa kimeshamezwa na udongo, na kila mmoja anaapa kiko upande wa mwenzake. Hapo ndipo Sikio anapoitwa. Anavaa hedifoni, anashika fimbo ya mashine, ile sahani ya mbele inapita juu ya majani kama mtu anayefagia bila kugusa. Wenzake husubiri mashine ipige kelele. Yeye alikuwa anazungusha kirungu cha wepesi, kile kinachoifanya mashine isikie zaidi au isikie kidogo, akiipandisha polepole mpaka ianze kuvuma, mvumo mwembamba kama wa mbu aliye chumba cha pili, na ndani ya mvumo huo alisikia kila kitu. "Kizibo cha soda," anasema. Wanachimba, kizibo cha soda. "Msumari. Uacheni. Haya, hapa sasa." Wanachimba, chuma cha mpaka, na ndugu waliokuwa hawasemeshani wanabaki kukitazama kile chuma kwa aibu.

Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja. Alikuja kwa baba yake Mkereza, fundi wa mashine hii kabla ya binti, akiwa kijana mwenye kirungu kilichopasuka, na binti ndiye aliyempa nta. Kwa hiyo, kama Mkereza anavyopenda kusema, mkono wa yule bwana aliujua kabla hajajua jina lake, na mkono ulikuwa na adabu kuliko mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita mkono ule ulianza kutetemeka. Ulianzia kwenye kidole gumba, wakati amepumzika tu, kana kwamba kidole kinahesabu kitu peke yake. Daktari akaupa ugonjwa jina refu na akatoa dawa fupi. Mkereza hakungoja dawa. Alipasha nta, akampimia kirungu kinene zaidi. Miezi minne baadaye kikawa hakitoshi, akakereza chenye mifereji ya kina, kisha chenye mbawa mbili, kisha kipana kama kifuniko cha sufuria ndogo. Fundi Bomba, rafiki yao wa nyumba ya tatu, alikitazama hicho cha mwisho akasema kinachofuata ni usukani wa lori. Wote watatu wakacheka, na Sikio ndiye aliyecheka zaidi.

Lakini asubuhi moja, mkewe akimfunga vifungo vya shati, alimwambia, "Mama watoto, miguu ikigoma, nitakaa. Mdomo ukigoma, utanisemea, hata sasa hivi unanisemea. Ila siku nitakayoshindwa kuizungusha mashine, mimi nitakuwa nani?"

Mwanamke mwingine angelia, au angemkumbatia. Mkereza alilichukua lile swali kama oda.

Shida ilikuwa hii. Kirungu cha wepesi kinataka kuguswa kidogo, upana wa ukucha. Mkono wa Sikio ulikuwa hauwezi tena kidogo. Akitaka kukisogeza hivi, unaruka vile, na mashine inapiga ukelele masikioni mwake mpaka anang'oa hedifoni. Hakukuwa na unene wala mifereji ya kuponya jambo hilo. Mkereza alilijua kabla hajamaliza kumfunga kifungo cha tatu.

Akakaa na kazi siku tisa. Alichonga kirungu cha mbao nyeusi kilichojaa kiganja, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvitoa. Ndani yake akaweka kirungu kingine, kidogo, kilichofungwa kwenye kijiti cha mashine na kukazwa kisisogee hata unywele. Kati ya hicho kidogo na hicho kikubwa akatia kitambaa kizito, springi na gololi moja ndogo, ili mtu akizungusha asikie uzito na vijialama chini ya vidole, tik, tik, kama kirungu cha kweli. Hakikuwa kinazungusha kitu. Ungeweza kukizungusha toka asubuhi mpaka jioni na mashine ikabaki palepale alipoitega yeye, uani kwao, siku ya jua, juu ya mchanga mkavu, mahali ambapo haikuwa na kelele. Alijaribu kwa kufukia kijiko. Mashine ikakisikia kijiko. Akaridhika.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo ni mtu wa ufundi wake tu angelifanya. Mkereza anajua mikono. Ardhi hajui. Hakujua kwamba udongo mwekundu ulioloa si mchanga wa uani, wala kwamba chuma kilichokaa chini miaka arobaini si kijiko cha juzi, na kwamba kila kiwanja kinataka mashine ipandishwe au ishushwe upya. Hayo yalikuwa yanakaa kichwani mwa mumewe, na hakuwahi kumuuliza.

Sikio alikijaribu barabarani mbele ya nyumba. Alizungusha, mkono ukaruka kama kawaida yake, na mashine haikupiga kelele. Akazungusha tena. Kimya. Akamgeukia mkewe na uso ambao mkewe hakuwa ameuona tangu ugonjwa uingie.

"Umefanyaje?"

"Nimefanya kazi yangu," Mkereza alisema. "Na wewe nenda kafanye yako."

Akaenda kutwa nzima. Aliporudi alikula sahani mbili, akamsimulia Fundi Bomba uani kwamba mkono umetii. Mkereza alisikia yote kutoka jikoni, akajisifu. Tusimseme vibaya. Ni nani asiyejisifu akimrudishia mtu furaha?

Furaha ile ilidumu kama siku kumi.

Baadaye Sikio alianza kurudi mapema. Alikuwa anakaa kwenye ngazi na hedifoni mapajani, akizitazama. Ukimuuliza, anasema uchovu. Kisha akaanza mambo ya ajabu: anawasha redio, anaipunguza mpaka inakaribia kuzima, anainamisha kichwa. Siku moja alimwomba mkewe aangushe pini sakafuni nyuma ya mgongo wake.

"Umesikia?"

"Nimesikia," akasema, lakini bila raha. "Labda nimesikia kwa sababu nilikuwa nangoja."

Alikwenda zahanati kupimwa masikio. Muuguzi akamwambia ni mazima, mazuri hata kwa kijana. Alirudi akasema yule dada ana huruma sana, amelelewa vizuri.

Mkereza alielewa. Mashambani huko Sikio alikuwa anazungusha kirungu kuipandisha mashine, anangoja ule mvumo mwembamba, na mvumo hauji. Mkono umezungusha, amehisi tik, tik chini ya vidole, kwa hiyo kirungu kimefanya kazi. Kama mvumo haupo, basi aliyekufa ni sikio. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili angewaza. Hakuwa na sababu ya kumshuku fundi aliyempimia mkono miaka thelathini na moja.

Angeweza kumwambia siku hiyohiyo. Tena maneno yalikuwa machache: masikio yako ni mazima, kirungu ndicho kibovu, nimekudanganya. Lakini kila alipoyapanga aliona upande wa pili. Akimwambia masikio ni mazima, amemwambia pia kwamba mkono umekwisha, na kwamba zile siku kumi za furaha zilikuwa mchezo wa kumtulizia mtoto. Akasema atamwambia kesho. Kesho ikafika akaona Sikio ameamka na nguvu kidogo, akasema si vizuri kumharibia. Watu husema woga ni wa kukimbia. Woga wake yeye ulikuwa wa kupika chai, kupanga vikombe na kuongea habari za jirani.

Wiki ya saba Sikio aliitwa na dada wawili waliorithi kiwanja cha baba yao. Walitaka kujua mpaka uko wapi kabla hawajajenga ukuta. Alitembea kutwa kwenye udongo ulioloa, mbele na nyuma, akizungusha kirungu chake. Mwishowe akavua hedifoni akawaambia hapa hakuna chuma, kiling'olewa zamani. Mkubwa hakuridhika. Siku ya pili akamwita mtafutaji mwingine, kijana wa juzijuzi aliyekuwa akimpigia Sikio salamu kwa kuinama. Akakipata kabla jasho halijamtoka, hatua mbili kutoka mahali Sikio alipokuwa ameweka mfuko wake.

Habari ilimfikia Sikio sokoni. Alirudi nyumbani, akaingia chumba cha mashine wakati Mkereza anapiga msasa, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alilia. Si kwa sauti. Machozi yalishuka, na mkono uliokuwa unatetemeka ulishindwa kuyafuta vizuri, ukawa unampiga shavuni.

"Mkono niliuzika hata kabla hujanipa kirungu kile," alisema. "Nilishauzika, mama, nikasema sawa, mkono na uende. Lakini masikio? Nimebaki na nini cha kumwonyesha mtu?"

Mkereza alizima mashine. Alipiga magoti mbele yake, akaushika ule mkono. Hapa ndipo pa kusema. Mimi ninayesimulia ningempiga kibao ili aseme. Alifungua mdomo akasema, "Utapumzika, baba watoto. Umefanya kazi sana." Na aliposikia maneno yanamtoka, alijichukia, akazidi kuushika mkono.

Asubuhi yake Sikio alimpa Fundi Bomba mashine. Hakutaka kitu. Alisema bora imsaidie mwenye masikio.

Mkereza alikuwa sokoni wakati huo. Alipokuta ukuta mtupu, pale mashine ilipokuwa inatundikwa, alitoka mbio na kanga moja kwenda nyumba ya tatu, lakini Fundi Bomba alikuwa ameshaondoka nayo kazini. Akarudi. Akajiambia jioni akirudi atamuwahi mlangoni, amweleze, ambadilishie kirungu kimyakimya. Ulikuwa mpango mzuri. Ila Fundi Bomba hakungoja jioni.

Alirudi adhuhuri anacheka, mashine begani, bisibisi mfukoni. Sikio alikuwa kwenye kigoda, Mkereza mezani. Fundi Bomba akamwaga juu ya meza kirungu cheusi, springi, kitambaa na gololi, ambayo ilibingirika mpaka ukingoni ikasimama.

"Shemeji, ni nani amewachezea?" alisema. "Kirungu cha bandia. Nazungusha, nazungusha, mashine imelala usingizi. Nimekifungua, nimekuta kingine ndani kimekazwa. Nimelegeza, nimepandisha kwa bisibisi, mashine imefufuka. Mzee, hebu vaa usikie."

Akamvisha Sikio hedifoni kabla Mkereza hajapata neno. Akainamisha sahani juu ya sakafu, akasogeza kijiti kwa ncha ya bisibisi, taratibu.

Sikio alinyanyua kidole. "Hapo," alisema. "Usiguse." Aliinamisha kichwa. "Kuna msumari chini ya zulia. Na pini. Ile pini." Akacheka, kicheko cha zamani, kile cha kutoka tumboni. "Kwa hiyo ni mazima. Masikio yangu ni mazima." Alimtazama rafiki yake, akamtazama mkewe ili acheke naye, na kicheko kikakatika katikati. Fundi Bomba naye aliangalia vile vipande mezani, akaangalia kazi ilivyokuwa safi, na akajua, kwa sababu hakuna mtu mwingine mjini anayeweza kukereza hivyo. Akasema amesahau bisibisi yake, akatoka. Bisibisi ilikuwa mkononi.

Sikio alivua hedifoni. Ilimchukua muda, na Mkereza hakuthubutu kumsaidia.

"Ulifanya lini?"

"Tangu mwanzo. Nilitaka uendelee kwenda kazini. Nilidhani..."

"Hilo nalielewa," Sikio alisema. "Mkono huu hata mimi ningeudanganya. Kama ni hilo tu, tungecheka." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na Mkereza alitamani iwe na hasira. "Jana nimekaa hapa. Nimeyalilia masikio yangu mbele yako. Umenishika mkono, unajua ni mazima, ukaniambia nipumzike."

Mkereza alisema samahani, kisha akaisema tena, na mara ya tatu akaona haina kazi. Alilia yeye sasa. Sikio alinyanyuka, akampita, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Leo wanafanya kazi pamoja, Sikio na Fundi Bomba. Mmoja anavaa hedifoni, mwingine anazungusha. "Pandisha. Pandisha. Rudi kidogo. Hapo." Wamekuwa mashuhuri. Wale dada wawili waliomba radhi kwa maneno yaliyofika sokoni, na wamewaita tena kutafuta bomba la maji. Mkono wa Sikio unatetemeka mfukoni, wala hajali. Mtu akiuliza yeye ni nani, jibu analo.

Nyumbani anasalimia asubuhi, anashukuru kwa chakula, anasema usiku mwema. Ni mtu mwenye adabu, ndicho kinachomuumiza Mkereza. Vifungo vya shati anafungiwa na Fundi Bomba, barabarani, kabla hawajaenda kazini. Mkereza huwaona kutoka dirishani. Amejaribu kumweleza mara nne, na kila mara amesikilizwa mpaka mwisho, akaambiwa, "Sawa, mama."

Juzi Fundi Bomba alikuja kupimiwa kirungu chake. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akaizungusha nta kwa vidole vyake vinene vilivyo salama. Sikio alimsindikiza, lakini hakuingia. Alibaki kwenye ngazi, hatua tatu kutoka mezani, mgongo kwao, na mlango ulikuwa wazi.

"Shemeji," Fundi Bomba alisema, akiwa hajui atazame wapi, "mzee anasema kiwe chembamba kidogo. Anasema nikiwa na kinene naenda kwa pupa."

Mkereza aliutazama ule mgongo. Alingoja kidogo, labda utageuka.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Fundi Bomba akajikohoza, akageukia mlangoni. "Anasema amesikia," akamwambia mtu aliyekuwa amekaa hatua tatu, mwenye masikio kuliko wote mjini.